Taa Tisa, Swichi Moja

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, nyumba mpya ya Ndaki pale Segese ilikuwa na taa tisa na swichi moja. Ilikuwa na bati, madirisha ya nondo na sakafu ya saruji. Kitu ambacho haikuwa nacho ni watu. Jumamosi jioni Lusia, mkewe, mama wa Blessing, alikwenda kuiona akiwa na sufuria ya kwanza kichwani. Alibonyeza swichi iliyowekwa kichwani pa kitanda, na nyumba nzima ikawaka: vyumba, jiko, baraza, choo, mpaka banda la kuku. Kuku waliokuwa wameshalala wakashuka, wakaanza kuparura. Lusia akainua sufuria yake. "Siingii nyumba inayowashwa kama duara," alisema. Ndaki, ambaye nusu ya umri wake aliumalizia kwenye maduara, mashimo ya kuchimbia dhahabu, alimjibu kwamba hakuna sheria inayokataza. "Basi nenda kaulize," Lusia akasema, akarudi kwenye chumba chao cha kupanga. Chumba hicho kilishapata mpangaji mpya, naye alikuwa anaingia Jumatatu hiyo hiyo.

Segese mtu akitaka kuuliza sheria huanzia kijiweni kwa Mwanaima. Ni magogo mawili yaliyotolewa kwenye duara lililofungwa, moja likitazamana na lingine, katikati jiko la mkaa na birika. Mwanaima alitoka Pangani akifuata dhahabu, akaona wachimbaji wanakesha, akaamua kuwauzia kahawa. Nyuma yake mashine ya karasha inasaga mawe kutwa, kwa hiyo hapo hakuna anayeongea kwa sauti ndogo.

– Mwangaluka, wazee, alisema Ndaki akikaa.

– Mwangaluka. Mbona uso umekaa kama wa mtu aliyefukuzwa?

Aliyeuliza ni Gregory, ambaye wote humwita Hakimu. Mwaka fulani aliitwa Kahama kutoa ushahidi wa ng'ombe aliyepotea. Alikaa mahakamani siku tatu, na tangu hapo hakuna jambo la sheria linalompita.

– Sijafukuzwa. Nimegomewa.

– Na Mama Blessing?

– Na Mama Blessing. Nyumba ipo, taa zipo, yeye hataki. Nataka kujua kitu kimoja tu. Sheria inaruhusu swichi moja kuwasha taa ngapi?

Hakimu aliweka kikombe chini. Ilikuwa muda mrefu tangu aulizwe swali la hadhi yake.

– Tatu.

– Tatu! Nani kasema?

– Mahakama. Mle ndani nilikokaa kulikuwa na swichi moja na taa tatu. Nilihesabu, maana wakili wa yule mwizi alikuwa anaongea sana. Sasa nikuulize, mahakama inaweza kuvunja sheria ndani ya jengo lake yenyewe?

– Haiwezi, alikubali Mwanaima.

– Umeona. Mafiga ni matatu, chungu ni kimoja. Wahenga walishajua mambo ya umeme kabla ya nguzo.

Kwenye gogo la pili Mageni alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye goti. Huyu jina lake la kijiweni ni Sululu. Yeye na Ndaki walichimba duara moja miaka mingi. Ndaki chini, Sululu juu mdomoni mwa shimo.

– Hakimu, Jumapili huwa unasali wapi?

– Unajua ninaposali.

– Pale kanisani swichi moja inawasha taa kumi na mbili. Mimi mwenyewe ndiye huwa naibonyeza. Padri naye tumfunge?

Hakimu hakuchelewa hata kidogo.

– Zile ni mitume.

– Ehee!

– Kila jengo na hesabu yake, Sululu. Kanisa mitume. Mahakama ni hakimu na wazee wa baraza wawili. Swali hapa ni nyumba ya mtu. Nyumba ina baba, mama, na wa tatu ni mtoto. Tatu! Tumerudi palepale.

– Mimi nina watoto wawili, alisema Ndaki.

– Basi una rufaa.

Mwanaima alimmiminia Ndaki kahawa na kumsogezea kashata. Alimtazama muda mrefu kuliko alivyowatazama wengine.

– Ungemwita fundi mwenyewe atuambie, Baba Blessing. Kaiweka kwa mikono yake.

Fundi alikuwa anapita. Eliya, kijana anayeitwa Fyuzi, alikuwa na begi la vifaa begani, na alipoona magogo yote mawili yamegeuka kumwangalia alipunguza mwendo kama mbuzi aliyeona kamba.

– Shikamooni.

– Marahaba. Njoo hapa, Fyuzi. Sheria ya swichi inasemaje?

– Ipo.

– Tunajua ipo! Inasemaje?

– Imo kwenye kitabu. Chuoni kilikuwepo kitabu kinene hivi, na mambo yote ya swichi yamo. Jalada lake la kijani.

– Na ndani?

– Ndani alikuwa anasoma mwalimu.

Sululu alipiga gogo kwa kiganja. Fyuzi aliketi pembeni, amevunjika moyo.

– Mimi nilimwambia mzee hapa, alijitetea. Nilimwambia, mzee, watu siku hizi kila chumba na swichi yake. Akasema hapana, waya zote ziletwe kichwani pa kitanda changu, moja tu. Nikasema sawa. Mwenye nyumba akisema sawa na fundi anasema sawa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

– Mvunguni mwa nini? Swichi umeiweka ukutani!

– Ndiyo maana hakuinama.

Ndaki hakucheka. Alikuwa anaangalia barabara inayoingia kutoka stendi. Mpangaji mpya angefika wakati wowote, na Lusia angebaki uani na vyombo na watoto, hana chumba cha zamani wala nyumba mpya. Usiku uliopita hawakusemeshana. Balbu ya chumba cha kupanga iliwaka mpaka asubuhi kama kawaida, na Lusia alilala kajifunika kanga usoni kama kawaida.

– Mimi niwaambie ukweli wenyewe, alisema Sululu. Sheria hiyo inatokana na ng'ombe.

– Kila kitu kwako kinatokana na ng'ombe.

– Sikiliza kwanza. Peleka ng'ombe tisa lamboni. Wa kwanza anakunywa maji meupe. Wa pili meupe. Wa tano yameshachafuka. Wa tisa anakunywa nini?

– Tope, alisema Mwanaima.

– Tope! Umeme ni vilevile. Unatoka kwenye swichi unakutana na taa ya kwanza, inakunywa. Ya pili inakunywa. Ukifika banda la kuku huo si umeme tena, ni makapi. Ndio maana taa ya mwisho huwa na rangi ya chai.

– Fyuzi, ni kweli?

– Hilo nalo linaweza kuwa kwenye kile kitabu, alisema Fyuzi.

– Kuku wakinywa umeme wa tope watataga nini? aliuliza Mwanaima.

– Hilo uwaulize watu wa mifugo, alisema Sululu. Ila Geita najua jamaa mmoja, mnunuzi wa dhahabu, alijenga ghorofa akaweka swichi moja kwa nyumba nzima, kwa sifa tu. Siku ya kuhamia kaita watu, kachinja, kabonyeza. Kwake giza. Ikawaka nyumba ya jirani!

– Acha uongo.

– Jirani hakuwa hata amevuta umeme! Mpaka leo jirani analala na mwanga, huyu anakuja kila jioni kwake mwenyewe kubonyeza, halafu anaenda kukaa kwa jirani. Akiba haiozi.

– Akiba inaingiaje hapo?

– Si anamwekea jirani?

Hakimu alinyanyua kidole. Alikuwa amenyamaza kwa muda, na wenyeji wanajua kimya cha Hakimu ni kama kimya cha karasha: inajazwa mawe mengine.

– Nyinyi mnacheza. Ngoja niwape siri ya serikali. Mnajua kwa nini kila chumba kinatakiwa swichi yake? Sensa.

– Sensa!

– Wale vijana wa sensa mnafikiri wanahesabu vichwa? Vichwa vinatembea. Huyu yuko mgodini, huyu yuko Didia analima, utamhesabia wapi? Wanahesabu swichi. Swichi haitembei. Anaingia, anaangalia ukutani. Swichi nne, watu wanne. Swichi sita, watu sita.

– Na nyumba ya Ndaki?

– Swichi moja. Mtu mmoja.

Fyuzi aliguna. Mwanaima alishika kiuno.

– Kwa hiyo Mama Blessing na wale watoto hawapo?

– Wapo kimwili, alisema Hakimu. Kisheria hawajawashwa.

Kicheko kilichotoka hapo kiliwafanya vijana wa karasha wageuke. Sululu aliegemea bega la Fyuzi, machozi yakimtoka. Ilichukua muda kabla hawajaona kwamba Ndaki amekiweka kikombe chini na kahawa imo.

– Mimi nimeweka hivyo ili wawepo, alisema.

Karasha ilikuwa inasaga, kwa hiyo alirudia.

– Nimeweka hivyo ili nijue wapo. Sululu, wewe unajua. Kule chini kila mtu na kona yake. Humwoni mwenzako, unauona mwanga wake ukutani. Ukiwaka, yupo. Hakuna aliyeweza kuzima taa yake, swichi ilikuwa moja, juu, kwako.

– Kwangu, alisema Sululu.

– Ukiizima na kuiwasha mara mbili, tunajua tupande. Tunapanda wote. Sasa usiku nashtuka. Chumba cha kupanga ni kimoja, nikifumbua macho nawaona: huyu Lusia, huyu Blessing, huyu mdogo. Nyumba ina kuta. Nikishtuka nitaona nini? Nitaona mlango. Basi nikasema, taa zao ziwake pamoja na yangu. Nikiona mwanga chini ya mlango, wamo. Narudi kulala.

Siku kifusi kilipoziba duara lao, Sululu alikuwa mdomoni, mkono kwenye swichi. Aliibonyeza na kuibonyeza, taa za chini zilishakatika, na aliendelea kuibonyeza wakati wenzake wanashika makoleo. Ndaki na wenzake walitolewa alfajiri, wote wazima. Tangu wakati huo Ndaki halali gizani. Kijiweni jambo hili lilijulikana na wote. Halikuwahi kusemwa.

Mwanaima alikimwaga kile kikombe kilichopoa, akamjazia kingine.

– Sasa hiyo, alisema Hakimu kwa sauti aliyoipunguza, hiyo mahakama inaweza kuipokea. Ni dharura. Dharura ina taa zake.

– Ngapi?

– Tisa, nadhani.

– Umoja ni nguvu, alisema Fyuzi, akitaka kusaidia.

– Lakini hao kuku, alisema Sululu polepole. Kuku nao unataka ujue wapo?

– Kuku niliunganisha kwa kuwa waya ulibaki, alisema Ndaki.

Hapo ndipo guta la magurudumu matatu lilipoingia kutoka upande wa stendi, likasimama mbele ya birika. Juu yake kulikuwa na godoro, ndoo mbili na begi. Aliyekaa juu ya godoro alikuwa mwanamke kijana mwenye sare ya bluu iliyokunjwa kwenye mfuko wa nailoni, ili asiichafue njiani.

– Shikamooni wazee. Naitwa Rhoda, muuguzi, nimepangiwa zahanati ya hapa. Namtafuta Baba Blessing.

– Marahaba. Ni mimi.

– Nimetoka kwenye chumba. Nimemkuta mama anafunga vyombo. Nikamuuliza mnahama saa ngapi ili nisije nikawasumbua. Akaniambia hajui, eti Baba Blessing amekwenda kuuliza sheria. Nikaona nije huku. Sheria ya nini, kama si vibaya kuuliza?

Walimweleza. Walimweleza wote kwa mpigo, Hakimu akianzia mahakama ya Kahama, Sululu akianzia lamboni, Fyuzi akisisitiza kwamba yeye alisema. Rhoda alisikiliza akiwa bado juu ya godoro, akiwageukia mmoja mmoja. Mwanaima alimpa kikombe. Dereva wa guta alizima injini naye akasogea kusikiliza.

Walipomaliza, Rhoda alipuliza kahawa.

– Nimeelewa sababu za baba, alisema. Sasa mama yeye anataka azime taa ipi?

Hakimu alimtazama Sululu. Sululu alimtazama Fyuzi, kwa kuwa fundi ndiye anayepaswa kujua mambo ya kuzima.

– Usinitazame mimi, alisema Fyuzi. Maelezo yote alinipa mzee.

– Amegoma, alisema Hakimu. Amesema haingii.

– Nimesikia amegoma. Nimeuliza anataka kuzima ipi.

Wote wakamgeukia Ndaki. Ndaki alitafuta jibu mahali alipokuwa na uhakika lipo, akakosa. Alikuwa na Lusia tangu kabla ya kifusi. Walipanga madirisha pamoja, wakabishana juu ya rangi ya mlango mpaka majirani wakaja kuamua. Juu ya taa hakumuuliza. Kule chini aliye shimoni haulizwi habari ya taa. Anayejua ni wa juu. Ndaki alikuwa amejenga nyumba, akamweka Lusia chini na yeye akakaa mdomoni.

– Mayu, mama yangu, niwie radhi, alimwambia Rhoda akinyanyuka. Chumba utakipata. Fyuzi, beba begi lako.

– Na sisi tuje? aliuliza Hakimu.

– Kaeni, alisema Mwanaima.

Lusia alikuwa uani anafunga vikombe kwa magazeti ya zamani. Blessing alimshikilia kamba. Mdogo alikuwa amekaa ndani ya beseni, anajiendesha.

– Umeipata sheria? Lusia aliuliza bila kuinua macho.

– Sijaipata.

– Asubuhi yote hiyo, na Hakimu yupo?

– Yupo. Anasema kisheria hujawashwa.

Mkono wa Lusia ulisimama juu ya kikombe. Fyuzi, aliyekuwa mlangoni na begi, alirudi nyuma hatua moja.

– Nimekuja kukuuliza wewe, alisema Ndaki. Unataka kuzima ipi?

Lusia alimaliza kikombe kile, akachukua kingine, akakizungushia gazeti. Halafu akakaa juu ya ndoo.

– Ya watoto, alisema. Mdogo hajawahi kuzimiwa taa tangu azaliwe, macho mekundu kila asubuhi, mwalimu wa Blessing naye kashaniita kwamba mtoto anasinzia darasani. Ya jikoni, maana jikoni usiku hakuna mtu. Ya choo, ya baraza na za vyumba vitupu. Na ya kuku, Baba Blessing. Kuku wale wamekukosea nini?

– Waya ulibaki.

– Waya ulibaki! Fyuzi, unasikia?

– Nasikia, mama.

– Na ya kwetu? aliuliza Ndaki.

– Ya kwetu imefanyaje?

– Unajifunika kanga kila siku.

– Najifunika kwa sababu ya mbu. Neti ina tundu, nimekuambia tangu masika. Ile taa nani alikuambia inanisumbua? Juzi umeme ulikatika sikupata usingizi mpaka uliporudi, wewe unakoroma.

Blessing alicheka, akanyamaza haraka.

– Lakini nikishtuka, alisema Ndaki, na chini ya mlango wao hakuna mwanga?

– Niamshe. Nitakwenda kuwaangalia, nirudi nikuambie.

– Kila mara?

– Mimi sijachoka kukujibu. Nimechoka na kuku.

Ndaki aliinama kumtoa mdogo ndani ya beseni, ingawa mdogo hakutaka kutolewa. Alimpakata muda kidogo. Kisha akamwambia Fyuzi atangulie nyumbani, aanze na chumba cha watoto.

Kabla ya saa sita Rhoda aliingiza godoro lake kwenye chumba. Lusia alimwachia ufunguo na onyo kuhusu neti. Fyuzi alifunga swichi mpya kwa waya wa juu ya ukuta, kwa kuwa Ndaki alikataa ukuta mpya utobolewe. Hakimu alifika mchana kusimamia kazi kwa niaba ya sheria. Alishika tochi, akaishika vibaya, akapelekwa barazani kukaa. Sululu alikuja baadaye na koleo la kuzikia waya wa banda la kuku, na alikuwa wa mwisho kuondoka. Jioni kijiweni walikubaliana kwamba sheria ya swichi ipo, na kwamba asubuhi wangeendelea kuitafuta.

Saa moja na nusu usiku Lusia alizima taa za vyumba vitupu, ya jikoni, ya choo, ya baraza na ya kuku. Saa mbili alizima ya watoto. Ya chumbani hakuigusa.